Jeshi la kisasa ni pamoja na nyumba na familia ya askari

Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu. Jambo lenyewe ni makazi ya askari wetu, namna kumbukumbu zao zinavyotunzwa, na hali ya wake na watoto wao. Barua yangu ni ndefu kidogo, lakini naomba uvumilivu wako na wa wasomaji wenzangu, kwa sababu jambo hili haliwezi kuelezwa kwa mistari mitano.

Mimi ni mwalimu mstaafu na naishi hapa Bilele, mjini Bukoba. Sijapata kuwa askari hata siku moja. Lakini mtu yeyote aliyekuwa hapa Bukoba mwaka 1978, akiwa na umri wa kufahamu mambo, hahitaji kufundishwa thamani ya jeshi. Wakati ule nilikuwa mwanafunzi. Mwezi Oktoba ndege za nduli Idi Amin zilidondosha mabomu katika mji wetu, na watu wakafunga mizigo kichwani wakakimbilia vijijini. Mwishoni mwa mwezi huo askari wake walivuka mpaka, wakateka nchi yetu yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, wakalivunja daraja la Kyaka, wakaua wananchi, wakapora ng'ombe, mabati na mali ya kiwanda cha sukari. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba nchi ina uwezo, ina sababu na ina nia ya kumpiga adui huyo. Tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ukaanguka. Mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera.

Walioifanya kazi hiyo hawakurudi wote. Mamia yao wamelala Kaboya, katika wilaya ya jirani ya Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Baba yangu mdogo ni mmoja wao. Nitaeleza habari zake baadaye, kwa sababu ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Siku hizi tunasikia mara nyingi kwamba jeshi letu ni lazima liwe la kisasa. Ni maneno mazuri na ninayaunga mkono. Lakini nimeona kwamba wengi wetu tunaposema jeshi la kisasa tunafikiria ndege, vifaru, rada na mizinga tu. Siku ya gwaride tunapiga makofi vifaa vikipita, kisha tunarudi nyumbani. Rai yangu ni kwamba mizinga ni sehemu moja tu. Sehemu ya pili, ambayo haionekani kwenye gwaride, ni mahali anapolala askari, faili lake lililoko ofisini, na mkewe anayebaki na watoto yeye anapoondoka usiku. Sehemu hiyo ikilegea, mzinga utapata mtu wa kuubeba lakini moyo wake utakuwa nyumbani.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Nchi yetu ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ilirithi jeshi la King's African Rifles, likaitwa Tanganyika Rifles. Jina lilibadilika, lakini mambo mengi yalibaki yale yale. Maafisa wengi walikuwa Waingereza, na mshahara wa askari wa kawaida ulikuwa mdogo sana. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Kesho yake wenzao wa Tabora wakafuata. Madai yao makubwa yalikuwa mawili, yaani mishahara iongezwe na maafisa wa kigeni waondoke. Serikali iliyumba, watu waliuawa mjini na maduka yakaporwa, na mwishowe Mwalimu alilazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza ili kuwanyang'anya silaha askari wake mwenyewe. Ilikuwa aibu kubwa kwa taifa changa.

Uasi haukuishia kwetu. Siku chache baadaye Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya, nako askari waliinuka kwa madai ya namna hiyo hiyo. Hapa ndipo penye somo ambalo nadhani hatulisemi vya kutosha. Tanganyika ililivunja jeshi lile, ikaanza upya na vijana waliochaguliwa miongoni mwa wananchi, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, mkuu wake wa kwanza akiwa Mrisho Sarakikya. Uganda ilichukua njia nyingine. Ilikubali karibu madai yote, mishahara ikapandishwa sana, na vyeo vikagawiwa haraka haraka. Askari walitulia kwa muda, kisha tarehe 25 Januari 1971 wakaitwaa serikali yenyewe.

Amin alipokuwa mtawala aliendelea na njia hiyo hiyo. Ndege zilikuwa zikipaa kutoka Stansted, Uingereza, zikiwa zimejaa wiski na bidhaa nyingine za anasa za kuwafurahisha askari wake wakati wananchi wa Uganda hawana sukari wala sabuni. Jeshi lililotunzwa kwa wiski halikuweza kusimama Lukaya mwezi Machi 1979. Kwa hiyo nisieleweke kwamba nataka askari wapewe anasa. Kumtunza askari na kumhonga askari ni mambo mawili tofauti. Utunzaji una utaratibu unaojulikana na kila mtu, na kila anayestahili anapata bila kuomba. Hongo inatoka mkononi mwa mkubwa, naye mkubwa anaweza kuikata apendapo. Askari aliyezoeshwa hongo anakuwa mtu wa mkubwa huyo, lakini aliyetunzwa kwa utaratibu anakuwa askari wa nchi.

Baada ya kusema hayo, naomba nieleze mambo matatu.

Jambo la kwanza ni makambi. Kambi nyingi za zamani zilijengwa na wakoloni kwa mahitaji yao. Walitaka askari akae mbali na wananchi, katika chumba kidogo kwenye mstari wa vyumba, akisubiri kutumwa. Hata majina yalikuwa yao. Colito lilikuwa jina la mahali huko Ethiopia ambako jeshi la kikoloni lilipigana mwaka 1941. Sisi tukaibadili kambi hiyo jina ikaitwa Lugalo, kukumbuka mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Kubadili jina ni jambo la heshima, lakini jina peke yake haliongezi chumba wala bomba la maji.

Zaidi ya hayo, miji yetu imekua. Kambi iliyokuwa porini wakati wa Uhuru leo imezungukwa na nyumba, shule na masoko. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi Mbagala, Dar es Salaam. Tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka tena Gongo la Mboto. Watu walikufa, nyumba zikabomoka, na watoto wakapotezana na wazazi wao usiku. Baada ya hapo hakuna mtu anayeweza kudai kwamba mpango wa makambi ni siri ya wanajeshi peke yao. Ghala la silaha likae wapi, nyumba za familia zijengwe umbali gani kutoka kwenye ghala hilo, mpaka wa kambi na kijiji upite wapi, na mwananchi atakayehamishwa alipwe fidia lini, hayo yote yanamhusu mwananchi. Migogoro ya mipaka kati ya kambi na vijiji imetajwa bungeni mara nyingi. Kila mgogoro unaoachwa bila kumalizwa unamfanya mwanakijiji amwone askari kuwa jirani mbaya, na sisi wa mpakani tunajua kwamba siku ya vita askari anamhitaji mwanakijiji kwa maji, kwa njia na kwa habari.

Serikali haikukaa kimya. Katika miaka ya karibuni imejenga nyumba za askari zaidi ya 6,000 katika mikoa kadhaa, kwa mkopo kutoka China. Hiyo ni kazi kubwa na inastahili pongezi. Lakini kujenga ni mwanzo tu. Mimi nimefundisha katika shule ambazo madarasa yake yalizinduliwa kwa ngoma na baada ya miaka kumi paa lilikuwa likivuja, kwa sababu hapakuwa na fungu la matengenezo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo nyumba hizo ziwe na fungu lake la kila mwaka la kupaka rangi, kuziba mabomba na kutoa maji machafu, na fungu hilo lisichukuliwe kwa shughuli nyingine. Tena, askari ambaye bado anapanga chumba mtaani asisahaulike. Yule anayeishi katika nyumba ya udongo yenye choo cha jumuiya, na ambaye mwenye nyumba anamgongea mlango mwisho wa mwezi mbele ya watoto wake, hatakuwa na utulivu sawa na mwenzake wa kambini.

Jambo la pili ni kumbukumbu za askari, yaani ule utumishi wa kila siku ambao hauonekani. Hapa ndipo ninapotaka kueleza habari za baba yangu mdogo.

Aliandikishwa jeshini mwaka 1972 akiwa kijana asiye na mke. Alipoulizwa jina la ndugu yake wa karibu alimtaja mama yake, yaani bibi yangu. Lilikuwa jibu sahihi siku ile. Mwaka 1975 alioa. Akapata watoto wawili, wakakaa naye kambini. Vita vilipokuja akaondoka na wenzake, na mwaka 1979 akafa akiwa njiani kuelekea Kampala. Kumbe jina lililokuwa kwenye karatasi lilikuwa bado lile la mwaka 1972. Hakuwa amekumbuka kulibadilisha, na sidhani kama kijana wa miaka 28 anapenda kukaa na kufikiria karatasi za kifo chake.

Basi barua ilikuja kwa bibi. Bibi hakujua kusoma. Barua ikasomwa na wazee wa ukoo, na fedha zilipopatikana wazee wa ukoo wakakaa kikao. Baba yangu mzazi alikuwamo. Waliezeka nyumba ya bibi kwa mabati, wakanunua ng'ombe, wakalipa deni lililokuwa likiusumbua ukoo. Sikukuu ile tulikula nyama, nami niliila. Mama mdogo alifika kutoka kambini baada ya mwezi mmoja, amebeba mtoto mgongoni na mwingine anamshika mkono, na sanduku moja la bati. Nyumba ya kambini ilikuwa ya mtumishi, na mtumishi alikuwa amekwisha fariki. Alipouliza, aliambiwa kwamba fedha zilikuwa za mama wa marehemu kwa sababu ndivyo marehemu mwenyewe alivyoandika. Na kweli ndivyo alivyoandika.

Alikaa katika kibanja chetu kwa miaka miwili, akipalilia migomba na kuchuma kahawa isiyokuwa yake, kisha akarudi kwa wazazi wake. Watoto wake, ambao ni ndugu zangu, walisoma kwa shida. Mmoja aliacha shule darasa la sita. Simlaumu karani wala afisa yeyote, maana kila mmoja alifuata karatasi iliyokuwa mbele yake. Lawama ni yetu sisi wa ukoo, ambao tulijua ukweli tukajificha nyuma ya karatasi. Lakini ukweli unabaki kwamba kama jina lile lingesahihishwa mwaka 1975, wazee wangu wasingepata mahali pa kujificha.

Naona wasomaji watasema hayo ni mambo ya zamani. Ni kweli ni ya zamani, lakini sababu zake hazijafa. Kijana bado anaandikishwa akiwa hana mke, kisha anaoa. Mwingine anaachana na mke wa kwanza na kuoa wa pili. Kwetu Kagera mtu ana jina la Kihaya, jina la ubatizo na jina la baba, na kila karatasi inaweza kubeba moja kati ya hayo. Siku hizi tuna kitambulisho cha taifa chenye namba moja isiyobadilika. Basi namba hiyo ya askari, ya mkewe na ya watoto wake ziunganishwe katika kumbukumbu moja, na kila mwaka askari aitwe asome kwa macho yake mwenyewe majina yaliyoandikwa, aweke sahihi kwamba ndiyo au hapana. Kabla hajapelekwa nje ya nchi au mpakani asome tena. Kazi hiyo haizidi nusu saa kwa kila askari.

Kumbukumbu safi zina faida nyingine pia kwa nchi. Tutazame majirani zetu. Huko Uganda uchunguzi uliofanywa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba orodha ya mishahara ya jeshi ilikuwa na majina ya askari hewa, wakati jeshi hilo hilo lilikuwa vitani kaskazini mwa nchi. Mwaka 2008 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani Meja Jenerali James Kazini, aliyepata kuwa mkuu wa jeshi hilo, kwa kosa linalohusu askari hewa. Kongo nako, kuanzia mwaka 2005, Umoja wa Ulaya ulituma ujumbe wa kusaidia kuhesabu askari mmoja mmoja, kuwapa vitambulisho, na kutenganisha mkono unaolipa mshahara na mkono unaoamrisha vita. Sababu ilikuwa kwamba mshahara ulipita mikononi mwa wakubwa na kumfikia askari ukiwa nusu, au usimfikie kabisa, na askari mwenye njaa akaenda kula kwa mwananchi. Wake na watoto wakawa wanamfuata askari hadi karibu na mapigano kwa sababu hawakuwa na kwingine pa kula. Kamanda anayedhani ana askari mia na kumbe anao sitini hajui nguvu yake, na adui atamfundisha. Kwa hiyo karani mwaminifu wa kumbukumbu ni mpiganaji kama mwingine, naye apewe mafunzo na heshima anayostahili.

Ningeongeza jambo la kustaafu. Askari wa vyeo vya chini hustaafu akiwa bado na nguvu, pengine watoto wake wakiwa bado shule. Maisha yake yote amepewa amri, amepewa nguo na amepewa nyumba. Siku moja anarudi kijijini akiwa na fedha za mkupuo na ndugu wengi wapya. Nimewaona hapa Bukoba wenye pikipiki tatu mwezi wa kwanza na bila hata baiskeli mwaka wa pili. Ningeshauri kwamba miaka miwili kabla ya kustaafu kila askari ajifunze kazi ya mkono au ya biashara katika vyuo vyetu vya ufundi, au katika miradi ya SUMAJKT, na afundishwe kutunza fedha akiwa pamoja na mkewe. Nasema pamoja na mkewe kwa makusudi, maana mara nyingi mke ndiye anayejua bei ya chumvi.

Jambo la tatu ni familia yenyewe. Askari wetu wanakwenda mbali siku hizi. Mwezi Julai 2013 askari 7 wa Tanzania waliokuwa wakilinda amani waliuawa Darfur, Sudan. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ilishambuliwa Semuliki, mashariki ya Kongo, wakauawa askari wetu wasiopungua 14 na wengine wengi wakajeruhiwa. Taifa liliomboleza na majeneza yalipokewa kwa heshima zote. Lakini heshima za kijeshi huchukua siku moja, na ujane huchukua miaka arobaini. Mama mdogo wangu angeweza kuwaeleza.

Mjane wa askari ana tatizo ambalo mjane wa mkulima hana. Siku anapompoteza mume anapoteza pia haki ya nyumba, kwa sababu nyumba ni ya kazi. Anaelekea wapi? Wengi hurudi kwenye ukoo wa mume. Kwetu huku ukoo una mashamba na una wazee. Sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963 haikumpa mjane urithi wake mwenyewe mahali penye ndugu wa marehemu, ilitegemea watoto wamtunze. Ni kweli kwamba mambo yamesogea. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alitoa hukumu katika kesi iliyotoka hapa Muleba, kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza kama mwanamume. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zinatambua haki sawa ya mwanamke kumiliki ardhi. Lakini hukumu iko Mwanza na vitabu viko Dodoma, na kikao cha ukoo kiko pale uani jioni, kina rubisi na kina sauti kubwa. Mjane mmoja na watoto wawili hawana nguvu ya kushindana nacho peke yao.

Hapo jeshi linaweza kusaidia bila gharama kubwa. Kila kambi iwe na afisa wa ustawi wa familia, na ingefaa awe mwanamke, ambaye kazi yake ni hiyo tu. Askari akifa, afisa huyo aende na mjane hadi nyumbani kwa ukoo akiwa na karatasi zote mkononi, akae kikao pamoja na wazee na mwenyekiti wa kijiji, na kinachoamuliwa kiandikwe. Nawahakikishieni, Ndugu Mhariri, kwamba kama mwaka 1979 afande mmoja mwenye sare angekaa kimya katika kikao chetu cha ukoo, wazee wangu wangezungumza lugha nyingine. Mjane apewe muda ulioandikwa, unaojulikana na wote, wa kukaa kambini hadi watoto wamalize muhula wa shule. Watoto wahamishiwe shule mpya kwa barua moja badala ya kuzungushwa. Baada ya hapo afisa awe anamtembelea au kumpigia simu mara mbili kwa mwaka, hata akiwa Karagwe au Ngara.

Familia ya askari aliye hai nayo isisahaulike. Askari anapohamishwa katikati ya mwaka, mtoto wa darasa la saba anaharibikiwa. Askari anaporudi kutoka Kongo akiwa haoni usingizi, akishtuka mlango ukipigwa na upepo, mke ndiye wa kwanza kujua na ndiye wa kwanza kuumia. Wapo makasisi na masheikh, wapo madaktari. Wapewe nafasi ya kuzungumza na wote wawili, na askari anayesema anaumwa moyoni asichekwe na wenzake.

Wapo watakaouliza fedha zitatoka wapi. Mwaka 2016 Serikali ilifuta msamaha wa kodi katika maduka ya majeshi, ikasema askari watapewa posho badala yake. Mantiki yake ilikuwa kwamba msaada umfikie askari mwenyewe badala ya kupitia kwa wafanyabiashara. Mimi nakubaliana na mantiki hiyo, na ningependa iendelezwe. Mengi niliyoyataja hayahitaji mabilioni. Kusahihisha jina ni kalamu. Kumsindikiza mjane ni mafuta ya gari moja. Matengenezo ya nyumba ni nafuu kuliko nyumba mpya.

Wengine watasema, na walimu wenzangu watakuwa wa kwanza, kwamba hata mwalimu hana nyumba, hata muuguzi hana nyumba, kwa nini askari? Swali hilo ni la haki. Nami nimefundisha miaka mingi nikiwa katika chumba cha kupanga. Lakini hakuna mkuu wa shule aliyepata kuniamsha saa nane za usiku akaniambia niondoke sasa hivi bila kumwambia mke wangu ninakokwenda. Askari anaambiwa hivyo, naye anaitika. Mtu tunayemdai utii wa namna hiyo tunawiwa naye. Tena, kumtunza askari hakumzuii yeyote kumtunza mwalimu. Tulipigwa mabomu pamoja, na miezi 18 ya kujifunga mikanda baada ya vita tuliifunga pamoja.

Mwisho, kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake. Mwaka ambapo sherehe zinafanyika huku kwetu, wakubwa hufika Kaboya, huweka silaha za jadi na mashada, na sisi wananchi hujaa. Ni vizuri. Nina ombi moja dogo. Kila mwaka, hata ule ambao wakubwa wako mkoa mwingine, zitafutwe familia chache za waliolala pale, zilipiwe nauli, zifike zione kaburi. Wapo watoto wa mashujaa wenye mvi sasa ambao hawajawahi kuligusa jiwe la baba yao kwa sababu wako Mtwara au Singida na nauli hawana.

Mama mdogo wangu bado yu hai. Tulimwomba msamaha sisi watoto wa ukoo, tukampimia sehemu ya kibanja, tukaiandikisha kwa jina lake mbele ya serikali ya kijiji. Alikubali, lakini alisema neno moja ambalo sijalisahau, kwamba mume wake alikwisha mlipia kibanja hicho mwaka 1979. Tulichelewa mno. Nisingependa taifa lichelewe kama sisi.



Mwalimu Mstaafu,
Bilele, Bukoba.